Sauti Inapasuka Mwisho wa Santuri: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Katriji

Santuri nyingi za benga na rumba zilizouzwa River Road, Nairobi, miaka ya 1970 zilikuwa ndogo, za inchi 7, wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anamaliza habari yake. Upande wa pili magitaa yanaachiwa uwanja. Yanapopamba moto kabisa, sindano iko karibu na lebo, kwenye mizunguko ya mwisho mwisho. Hapo ndipo penye utamu wote, na hapo ndipo mashine ya santuri hupata taabu kuliko mahali pengine popote.

Yangu ilipata taabu hiyo mwaka mzima. Gitaa la solo likifika kule ndani linageuka bati linalokwaruzwa. Nikaamini katriji, kile kifaa kidogo mwishoni mwa mkono kinachobeba sindano, ni mbovu, nikaweka akiba, nikanunua nyingine ya bei mara mbili. Bati likabaki palepale. Siku moja jirani yetu Buruburu, mzee aliyetengeneza redio barabara ya Luthuli mpaka alipostaafu, alisikiliza upande mmoja hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, sindano hii umeipima?"

"Kuipima nini, mzee?"

"Uzito."

Akaenda kwake akarudi na mizani ndogo ya sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Tukashusha sindano juu yake: gramu 1.2. Karatasi iliyokuja na katriji, ambayo nilikuwa nimeihifadhi bila kuisoma, ilisema 1.8. Nilikuwa nimepunguza uzito kwa makusudi, nikidhani nazihurumia santuri za marehemu baba. Kumbe nilikuwa naziumiza. Sindano nyepesi mno haishiki mfereji wa santuri. Inarukaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kuuchonga kila inapotua. Tulizungusha jiwe la nyuma ya mkono, lile la kurekebisha uzito, mpaka mizani ikasoma 1.8, tukarudia upande uleule, na gitaa likatoka zima.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue katriji gani ya bei nafuu, namuuliza kwanza mashine yake inamfanyia nini. Nimezipanga dalili hapa kwa jinsi ninavyokutana nazo mara nyingi, na katriji nitazitaja pale zinapohusika.

Kabla ya dalili: una mkono wa aina gani?

Swali hili linaokoa pesa nyingi, kwa sababu si kila mashine inakubali kubadilishwa katriji.

Mashine za mkoba, zenye spika ndani yake, kwa kawaida hutumia katriji ya seramiki. Hiyo hukandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, na mkono wake hauna jiwe la kurekebisha. Huwezi kuivua ukaweka katriji ya sumaku. Mkono hautaibeba na saketi yake haitaielewa. Unachoweza ni kubadilisha sindano, na ubadilishe mapema, kwa sababu nyingi ni za yakuti ya kutengenezwa, ambayo huchakaa haraka sana ikilinganishwa na almasi.

Mashine ndogo zinazojiendesha zenyewe, kama AT-LP60X ya Audio-Technica, zina katriji ya sumaku lakini imeunganishwa na mkono moja kwa moja. Hapo nawe unabadilisha sindano tu, ile ya ATN3600L. Nimeona watu wakinunua katriji nzuri ya kuweka kwenye mashine hiyo, wakarudi nyumbani wakakosa hata mahali pa kuifunga.

Mashine za miaka ya 1980, hasa zile nyembamba za Kijapani, huenda zikawa na katriji ya kuchomeka: pini nne zinaingia moja kwa moja mwishoni mwa mkono na skrubu moja inapita ubavuni. Katriji hizo zina kipimo chao, uzito wa gramu 1.25, na lazima ununue za aina hiyohiyo.

Ukiona kichwa cha mkono chenye skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, na jiwe la kuzungusha nyuma, basi una uhuru. Katriji zote nitakazozitaja hapa chini zinaingia.

Sauti inapasuka karibu na lebo

Ni vizuri kuelewa kwa nini ni huko ndani na si mwanzoni. Santuri kubwa inazunguka kwa kasi ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara linazidi kupungua. Ukingoni mwa nje, sekunde moja ya muziki imetandazwa kwenye sentimita 51 hivi za mfereji. Karibu na lebo, sekunde hiyohiyo imebanwa kwenye sentimita 21. Mawimbi ya matoazi, ya gitaa la juu na ya herufi S za mwimbaji yanakuwa mafupi na yenye kona kali. Sindano yenye kasoro yoyote itayamudu ya nje, kisha itashindwa na ya ndani. Kwa hiyo mpasuko wa mwisho wa santuri si ugonjwa mmoja. Ni mahali ambapo magonjwa yote huonekana kwanza.

Anza na usafi, maana hauna gharama. Washa tochi ya simu, tazama ncha kutoka mbele. Nairobi tuna vumbi la kutosha, hasa Januari na Februari, na mfereji ni kama mtaro: kila kitu huishia humo. Mara nyingi utaona kifundo cha pamba ya kijivu kimeng'ang'ania nyuma ya ncha. Brashi laini, kavu, ipite kutoka nyuma kuja mbele, kwa upande ambao santuri inaelekea. Usipitishe ubavuni, na kamwe usitoke mbele kwenda nyuma. Kile kijiti cha aluminiamu kinachobeba ncha ni chembamba kuliko njiti ya kibiriti na hupinda kwa mguso mdogo. Uchafu ulioganda hutoka kwa ile sifongo nyeupe ya kufutia madoa ukutani, inayouzwa kwenye supamaketi. Kata kipande, kiweke juu ya sahani ya mashine, ile inayobeba santuri, ikiwa haizunguki, ushushe sindano wima juu yake na kuiinua, mara tatu nne. Usiivute.

Halafu pima. Mizani ya sonara ya bei nafuu inatosha, ila chunguza kwanza kama bamba lake linavutwa na sumaku. Katriji ina sumaku ndani. Bamba la chuma litaivuta chini na usomaji utakudanganya. Namba zilizochorwa kwenye jiwe la mkono nazo usiziamini peke yake, hasa kwa mashine ya mtumba ambayo hujui imepita mikono mingapi. Katriji ya AT3600L ya Audio-Technica inataka kati ya gramu 2.5 na 3.5. Familia ya AT-VM95, ya kampuni hiyohiyo, inataka 1.8 hadi 2.2, wastani wake 2.0. Kwa katriji za kampuni ya Ortofon, 2M Red ni 1.8 na OM 5E ni 1.75. Ukiwa na mashaka, egemea juu kidogo ndani ya mipaka hiyo, si chini.

Uzito ukiwa sawa na mpasuko bado upo, tazama mpangilio. Katriji iliyofungwa mbele mno au nyuma mno, au iliyopinda kidogo kichwani, inaingia mfereji kwa pembe isiyofaa. Mkono unaozunguka kwenye egemeo hauwezi kuwa na pembe kamili kila mahali. Unapata sehemu mbili tu za ukamilifu. Kwa mpangilio unaotumika sana, sehemu hizo ziko milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya santuri. Kuna karatasi za kupangia zenye nukta hizo mbili na mistari. Ukichapisha yako, pima kwa rula uhakikishe printa haikubadilisha vipimo. Legeza skrubu mbili, shusha ncha juu ya nukta ya kwanza, kisha ya pili, ukisogeza katriji mpaka iwe sambamba na mistari kote kuwili. Tazama kile kijiti, si umbo la nje la katriji, kwa sababu kwenye katriji za bei nafuu viwili hivyo havilingani kila mara. Kazi hii ilinichukua jioni nzima mara ya kwanza, na hakuna pesa nyingine niliyotumia kwenye mashine yangu iliyonipa faida kama jioni hiyo.

Kisha jaribu santuri nyingine, nzima, unayoijua. Ikipita salama hadi mwisho na ile ya kwanza bado inapasuka, basi kidonda kiko kwenye santuri. Nyingi za hizi zilipigwa kwenye baa na kwenye sherehe kwa sindano nzito zilizochakaa, na ukuta wa mfereji ulikatwa zamani. Hakuna katriji itakayorudisha kilichokwisha kukatwa. Lakini ipo itakayokipita kwa upole zaidi, na hapo ndipo kulinganisha katriji kunapokuwa na maana.

Basi katriji gani?

Tofauti kubwa kati ya katriji za bei nafuu ni umbo la ncha. Ncha ya mviringo ni kama ncha ya kalamu ya wino: nene, ya duara, inakaa katikati ya mfereji na kupita juu ya kona ndogo. Ncha ya duaradufu imebanwa mbavu, kwa hiyo inaingia kwenye kona ambazo ya mviringo inaziruka. Baada yake zipo zilizochongwa nyembamba zaidi, na bei inapanda nazo.

AT3600L ndiyo ya chini kabisa ninayoweza kumshauri mtu aliye na mkono wa kurekebisha. Ncha yake ni ya mviringo, inakandamiza kwa gramu 3 hivi, na inavumilia. Santuri za inchi 7 zilizochakaa huzipita kwa utulivu, mchakacho haujitokezi sana, besi ina mwili. Udhaifu wake ni hukohuko ndani: matoazi yanapoteza ukali na herufi S zinakuwa na mate. Sehemu kubwa ya santuri zangu ni za aina hiyo, na bado ninayo moja kwenye kichwa cha akiba kwa ajili yao.

AT-VM95 ilitoka mwaka 2018, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi kwa mtu anayehesabu shilingi. Mwili ni mmoja, na sindano zake zote zinaingiliana. VM95C ina ncha ya mviringo, VM95E ya duaradufu, VM95ML ina ncha nyembamba iliyochongwa. Unaweza kuanza na C au E, ukaweka akiba, na mwaka ujao ukanunua sindano ya ML peke yake na kuichomeka bila kugusa skrubu. VM95E ni bora kuliko AT3600L kwa uwazi na gitaa linasikika kamba kwa kamba, ila nayo inahangaika kwenye mizunguko ya mwisho ya santuri ndefu. ML ndiyo inayomaliza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya E, lakini kwa wembamba wake ncha hiyo hugusa ukuta mahali ambapo sindano nene za zamani mara nyingi hazikufika. Nina santuri mbili ambazo nilikuwa nimezikatia tamaa zikafunguka nayo. Nyingine zikasikika vibaya zaidi, kwa sababu sasa kila kovu lilisomwa waziwazi.

Ortofon 2M Red ina ncha ya duaradufu na inatoa milivolti 5.5, nyingi kuliko wenzake, jambo zuri kama ampu yako, yaani kikuza sauti, ni dhaifu. Sauti yake iko mbele, yenye nguvu. Kwa rumba nzito inafaa, kwa santuri yenye S kali inaweza kuchosha. Sindano ya 2M Blue inaingia kwenye mwili wake. OM 5E, ya kampuni hiyohiyo, ni nyepesi, gramu 5 tu, na inazifaa mashine za zamani zenye mikono myepesi. Nayo inapanda ngazi: sindano za OM 10 na 20 zinaingia palepale.

Nagaoka MP-110 ya Japani inapita kidogo kile ninachokiita bei nafuu, lakini ni laini kwenye S kuliko zote za duaradufu nilizotaja. Mtu anayesikiliza waimbaji kuliko ala, ningemwelekeza huko.

Jihadhari na sindano za kuiga. Zile zinazoingia kwenye mwili wa AT3600 zinatengenezwa na watu wengi, na baadhi ni nzuri. Nyingine ncha imegandishwa imepinda. Kabla ya kulipa, iangalie kwa kioo cha kukuzia kutoka mbele: kijiti kiwe katikati, ncha isimame wima kama msumari uliopigwa vizuri. Ikiinama hata kidogo, irudishe.

Upande mmoja umenyamaza

Kwanza badilishana plagi mbili kwenye ampu, nyekundu iende ya nyeupe na nyeupe iende ya nyekundu. Ukimya ukibaki kwenye spika ileile, mashine yako haina kosa. Tafuta kwenye ampu au spika. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye mashine, na mara tisa kati ya kumi utalikuta kichwani mwa mkono.

Kama kichwa kinavuliwa, fungua pete, kitoe, utazame pini zake ndogo nne. Huwa zimeshika kutu ya kijani au weusi. Zisugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha, kaza. Tatizo hili peke yake limefanya katriji nyingi nzima kutupwa.

Likibaki, zima ampu, halafu chunguza nyaya nne zinazoingia nyuma ya katriji. Nyekundu ni ya kulia na kijani ni ya kurudi kwake. Nyeupe ni ya kushoto na bluu ni ya kurudi kwake. Klipu iliyolegea huonekana kwa macho: inacheza kwenye pini. Ivute kwa kibano kwa kushika klipu yenyewe, si waya, ibane kidogo kwa njiti ya meno ikiwa ndani ili usiibane kupita kiasi, kisha irudishe. Nyaya hizi ni nyembamba kama unywele, na zikikatika itabidi fundi achomee upya kwa risasi. Fundi huyo mwombe jambo moja kwa heshima: klipu ichomewe ikiwa nje ya katriji. Joto la chombo chake likipita kwenye pini linakata koili ndani, na hapo kweli utakuwa unahitaji katriji mpya.

Mvumo usiokoma

Stima yetu ni ya volti 240 na hezi 50, na mvumo wa chini unaoendelea, sindano ikiwa juu au chini, ni stima hiyo ikijipenyeza. Jaribio ni rahisi. Sahani ikiwa inazunguka bila santuri, inua mkono kwa kidole na uupeleke taratibu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mvumo ukikua unapokaribia mota au transfoma, katriji inaunasa hewani. Mvumo usipobadilika, tatizo ni waya wa ardhi.

Huo ni ule waya mwembamba wa tatu, mara nyingi wenye kijiumbo cha uma, unaotoka nyuma ya mashine pamoja na plagi mbili. Watu huuacha ukining'inia kwa sababu hawajui wa kazi gani. Ufunge kwenye skrubu ya ardhi nyuma ya ampu au priampu, kile kikuzaji kidogo kinachotangulia ampu. Ukiwa tayari umefungwa, legeza, kwangua ncha yake ing'ae, funga tena.

Katriji za bei nafuu za Grado zina sauti tamu, lakini zinajulikana kunasa mvumo wa mota kwenye baadhi ya mashine. Kama mota yako iko chini ya sahani karibu na njia ya mkono, chagua nyingine. Adapta ya kuchaji na kisanduku cha intaneti navyo visikae kando ya priampu.

Tafadhali usifanye nilichoona kwenye nyumba moja: mtu alikata pini ya ardhi kwenye plagi ya ampu yake ili kuua mvumo. Mvumo ulipungua kweli. Lakini ile pini ndiyo inayokinga uhai wako siku waya wa ndani utakapogusa bati.

Sauti nyembamba kama ya simu, au inayofoka

Santuri hukatwa ikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti za juu zilizoongezwa, kwa kanuni iliyoenea tangu miaka ya 1950, ili mifereji isipanuke kupita kiasi. Priampu ya fono inarudisha mizani hiyo na kuzikuza milivolti nne au tano za katriji. Ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la ampu, utasikia muziki wa mbali usio na besi. Hakuna katriji itakayotibu hilo. Nunua priampu, au kama mashine ina swichi nyuma, isukume upande wa kukuza.

Ukisikia kinyume chake, kelele inayofoka hata sauti ikiwa chini, umekuza mara mbili: swichi ya mashine imewashwa na waya uko kwenye tundu la fono, lile la mashine ya santuri lenye priampu yake ndani. Toa mojawapo.

Kama sauti ina besi lakini inachoma masikio juu, punguza urefu wa waya kati ya mashine na priampu. Waya na priampu huhifadhi chaji kidogo ya umeme, inayopimwa kwa pikofaradi. VM95 inapenda pikofaradi 100 hadi 200 kwa jumla, na waya mrefu wa bei ya chini peke yake unaweza kuzimaliza zote.

Inaruka au kurudia palepale

Weka pimamaji ya fundi mwashi juu ya sahani, uelekeo huu na ule. Meza ikiwa imeinama, mkono unateleza. Kidhibiti mteleko, ile gurudumu ndogo kando ya mkono, kiweke kwenye namba sawa na uzito wa sindano uanzie hapo. Mashine ikiruka mahali palepale pa santuri moja, osha santuri.

Sarafu juu ya mkono ni dawa ya mababu, na naikataa. Inapandisha uzito mbali kuliko mpira mdogo unaoshikilia kijiti unavyoweza kuhimili. Mpira ukilegea, tumbo la katriji linashuka hadi linakwaruza santuri. Tazama ubavuni sindano ikiwa imeshuka: pawe na nafasi unayoiona kati ya tumbo na santuri. Pasipokuwapo, badilisha sindano hata kama ni ya mwezi jana.

Inatatarika kama mafuta

Santuri za soko, ziwe za Kenyatta Market au za Gikomba, zioshe kabla ya kuzishushia sindano. Tone la sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini kikifuata mzunguko, lebo ikiwa kavu. Suuza mwisho kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa mara mbili: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja. Kiangazi, mtatariko unaorudi dakika chache baada ya kuosha ni umeme tuli. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Santuri nzito za kabla ya miaka ya 1960, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zisiguswe na spiriti, maana inayeyusha utomvu wake. Mifereji yake pia ni mipana zaidi. Ncha ya kawaida inazama chini na kuokota takataka tu. Inahitajika nene zaidi, yenye nusukipenyo cha mikroni 76 hivi. Kwenye mwili wa VM95 hiyo ndiyo sindano ya VM95SP, inayokandamiza kwa gramu 5, na ukiichomeka lazima upime upya.

Muziki unavuta miguu

Hii si katriji, lakini huletwa kwangu kama katriji. Mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani, yenye mota inayofuata hezi za stima, ilitengenezwa kwa hezi 60. Hapa kwetu itazunguka tano kwa sita ya kasi yake, na mwimbaji atashuka karibu nusu-toni tatu. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi. Baadhi ya mashine zina puli ya hezi 50 ya kubadilishia. Iulizie kwa jina la mashine. Zenye mota ya umeme wa betri hazina shida hii.

Ilikuwa nzuri, imeharibika polepole

Audio-Technica wenyewe wanatoa saa 300 kwa ncha ya duaradufu ya VM95E, 500 kwa ya mviringo na 1,000 kwa ML. Saa 300 ni kama santuri kubwa 450 za dakika 40. Mtu anayesikiliza moja kila jioni atazimaliza katika miezi 15, na mashine ya mtumba huja na sindano ambayo saa zake hazijulikani kabisa. Hiyo ibadilishe siku ileile. Mimi nina daftari dogo kando ya mashine. Kila upande ukiisha napiga mstari kwa penseli, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe ya sindano na uzito uliosomwa na mizani ya mzee.